Maji ya Mhispania

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vya kazini, Mwiko alikata kitunguu katikati na kukisogeza puani. Macho yalijaa machozi hapohapo. Pua ilikaa tu. Alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akangoja, akavuta tena. Ilikuwa sawasawa na kunusa kipande cha ubao.

"Vipi?" mumewe aliuliza kutoka kwenye cherehani, pale sebuleni karibu na dirisha.

"Macho yanasikia. Pua haisikii."

"Basi leo onja kwa macho."

Mumewe alikuwa fundi wa nguo, na yeye alimwita Fundi hata wakiwa peke yao. Alikuwa mtu wa utani, lakini utani wa siku hizi ulimtoka kwa shida. Ulianza kuwa hivyo tangu siku Mwiko alipoacha gesi wazi na kukaa hapohapo jikoni akichambua mchele, jiko likimpumulia usoni. Fundi ndiye aliyeingia mbio akafungua madirisha. "Gesi imekusalimia mpaka imechoka, na wewe huitikii," alisema baadaye, akijaribu kucheka. Mishono yote aliyoshona siku hiyo ilipinda.

Yalikuwa mafua tu. Mafua makali, ya kulala kitandani na kukohoa, lakini mafua. Alipopona, kikohozi kiliondoka na homa ikaondoka, na harufu na ladha navyo vikaondoka, kana kwamba vilikuwa wageni wa ugonjwa. Daktari alimmulika puani kwa kurunzi ndogo, akasema huenda vikarudi na huenda visirudi. Mwiko aliuliza kuna dawa gani. Daktari akamwambia awe ananusa vitu vyenye harufu kali kila siku, na awe na subira. Kwa hiyo alinusa. Kitunguu, siki, sabuni ya kufulia, manukato ya zamani yaliyobaki chini ya chupa. Subira ndiyo ilikuwa ngumu, kwa sababu Mwiko alikuwa mpishi mkuu wa hoteli, na hakuna mtu hotelini aliyejua.

Hoteli yenyewe ilikuwa jengo la ghorofa lenye roshani za chuma na ukumbi mmoja wa chakula chini. Si hoteli ya kutajwatajwa, ila watu waliokula pale walirudi. Mwiko aliingia kama mwosha vyombo akiwa binti, akapanda kidogo kidogo mpaka jiko likawa lake. Jina hilo alipewa kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa na mwiko wake wa mti, mweusi kwa moshi, ambao alienda nao kazini na kurudi nao jioni ukiwa umeviringishwa kwenye taulo. Pili, alikuwa na miiko. Ilikuwa mwiko kuonja kwa kidole. Ilikuwa mwiko kurudisha sufuriani kijiko kilichoingia mdomoni. Na uliokuwa mkubwa kuliko yote, ilikuwa mwiko kukisingizia chakula.

Kukisingizia chakula, kwake, kulikuwa kukisema vile kisivyokuwa, kwa ubaya au kwa uzuri. Kuna mhudumu mmoja aliwahi kuwaambia wageni kwamba samaki ameletwa asubuhi ile. Mwiko alimsikia kupitia dirisha la kupitishia sahani. Akatoka na aproni yake, akasimama mbele ya meza, akasema, "Samaki huyu ni wa jana. Ni mzima na nimempika vizuri, lakini ni wa jana." Kisha akarudi jikoni. Wageni walikula wakamaliza. Mhudumu alinuna hadi siku alipoacha kazi.

Sasa Mwiko huyo huyo alikuwa anakisingizia chakula kila siku ya Mungu. Alitia chumvi kwa kukumbuka uzito wake kwenye vidole. Alijua kitunguu kimeiva kwa rangi, na mafuta yamekuwa tayari kwa mlio. Kisha alimwita yeyote aliyekuwa karibu. "Njoo uonje hapa. Niambie kimepungua nini." Wenzake walidhani anawafundisha. Walionja wakiwa wamekunja uso kama wako kwenye mtihani, wakajibu, na yeye akatikisa kichwa taratibu kama mwalimu mwenye jibu lake mfukoni. "Haya. Ongeza basi." Halafu alionja mwenyewe, kwa sababu wote walimtazama, akasema, "Imekolea." 

Mwenye hoteli alikuwa mzee aliyetembea na tita la funguo kiunoni, za vyumba, za stoo na za makabati ambayo hata yeye alishayasahau. Walimwita Mzee Funguo, na walimsikia kabla hawajamwona. Siku moja walisikia funguo zikishuka ngazi haraka kuliko kawaida. Aliingia jikoni akiwa na mwanamume mrefu mwenye nywele zilizofungwa kwa nyuma na sanduku la visu mkononi.

"Huyu ni mpishi kutoka Hispania," alisema. "Anapika vile vyakula vya kifahari. Sahani kubwa, chakula kidogo. Yuko hapa kwa matembezi, lakini amependa mji wetu, anatafuta pa kukaa. Nimempa siku chache ajaribu."

Wifi yake Mwiko, dada wa Fundi, alikuwa kwenye sinki na mikono imezama kwenye povu. Yeye aliosha vyombo na siku za wageni wengi alisaidia kubeba sahani. "Sahani kubwa chakula kidogo," alisema bila kugeuka. "Kwangu mimi ni vyombo vingi vya kuosha na makombo hakuna."

Mzee Funguo hakucheka. Alimvuta Mwiko kando, karibu na mlango wa stoo.

"Nikimchukua huyu, ukumbi unakuwa wake na jiko linakuwa lake. Nyinyi nitawatafutia nafasi."

Mwiko alijua maana ya nitawatafutia nafasi. Mtunza bustani alitafutiwa nafasi mwaka uliopita, na mpaka leo anaitafuta.

"Sasa sikiliza. Mimi ulimi wangu umeungua kwa sigara tangu ujana, sijui kitu. Watu wataniambia kizuri kwa sababu kimetoka Ulaya, wengine wataniambia kibaya kwa sababu kimetoka Ulaya. Wewe hukisingizii chakula. Atatupikia mimi na wewe, tukae mezani kama wageni. Ukisema kinafaa, namchukua. Ukisema hakifai, anakwenda zake. Neno lako ndilo la mwisho."

"Mzee, mtafute mtu mwingine."

"Nani? Nimtoe wapi mtu ambaye hata jiko lake likiwa hatarini atasema kweli?" Akampiga begani, na funguo zikacheka kiunoni kwake.

Mwiko aliingia stoo akafunga mlango. Kulikuwa na magunia ya mchele, madebe ya mafuta na masanduku ya viungo ambayo zamani yalimpokea kwa harufu zao kabla hajawasha taa. Alifungua kopo la karafuu akaweka pua ndani mpaka unga ukamfanya apige chafya. Chafya tu. Alikaa juu ya gunia, akafunika uso kwa aproni.

Kama angekuwa na ulimi wake, lingekuwa jambo chungu lakini jepesi. Angeonja, angesema, na litakalokuwa liwe. Ila sasa akisema hakifai, atakuwa amemsingizia mtu ambaye hajaonja chakula chake ili abaki na jiko. Akisema kinafaa, atakuwa amejitoa jikoni kwa jambo asilolijua. Na akisema sijui, ataulizwa kwa nini.

Siku zile chache Mhispania alifanya kazi kwenye kona ya jiko, kimya. Mwiko alimtazama na kujikuta hapati la kulaumu. Alifuta kisu kila baada ya kukata. Hakuonja kwa kidole. Aliponda nyanya nyingi mbivu, akazifunga kwenye kitambaa cheupe na kuzining'iniza ndani ya friji juu ya bakuli, zikitiririka tone baada ya tone. Anazikausha, Mwiko aliwaza, maji yatamwagwa na nyama ya nyanya itatumika. Mpishi yeyote angefikiri hivyo.

"Wewe sema tu hakifai, basi," wifi yake alimwambia wakikata mboga. "Neno moja. Hakifai. Tunamfungashia na maandazi ya njiani."

"Sijakionja."

"Kuonja nini wifi? Juzi nimemwona anabandika jani kwa kibanio. Kibanio! Cha kutolea nywele! Mtu mzima amekunja mgongo anabandika jani moja juu ya kitu kidogo kama kifungo cha shati. Mimi nina watoto wa kulisha, sina muda wa majani."

"Wifi, kata mboga."

"Nakata. Ila ukisema kinafaa, kaka yangu atakushonea gunia ulalie nje."

Alikuwa anatania, lakini kisu chake kilikuwa kinapiga ubao kwa nguvu kuliko mboga zilivyohitaji.

Siku ya kuonja, baada ya wageni wa mchana kuondoka, walikaa kwenye meza ya katikati ya ukumbi. Mwiko alivaa gauni ambalo Fundi alimshonea kwa ajili ya harusi ya mtu. Hakujua mikono aiweke wapi. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukaa kwenye viti vile, na alishangaa kuona jinsi vilivyo vifupi.

Mkalimani alikuwa dada wa mapokezi. Kihispania alikijua kwa kutazama tamthilia, kwa hiyo Kihispania chake chote kilikuwa cha mapenzi, wivu na urithi. Alisimama kando ya meza ameshika mikono kifuani, tayari kwa lolote.

Mwiko alikuwa na mpango mmoja tu. Atamtazama Mzee Funguo usoni. Hata ulimi ulioungua husema kitu. Mzee akikunja uso, naye atajua. Akilegea, naye atajua. Hakuwa amefikiria kwamba Mzee naye alikuja na mpango huohuo.

Kila mmoja aliletewa kijiko kimoja chenye povu jeupe. Walivitia mdomoni kwa pamoja, kisha wakatazamana. Mzee alikodoa macho akimngoja. Mwiko alikodoa macho akimngoja. Povu lilitoweka kwenye ulimi wake kama pumzi kwenye kioo.

"Enhe?" Mzee aliuliza.

"Haina neno," alisema Mwiko. Ni jibu analotoa mtu anayekanyagwa mguu kwa bahati mbaya.

Mhispania alimtazama dada wa mapokezi. Dada alifikiri kidogo. Haina neno. Akafumba macho, akaweka mkono kifuani na kusema sentensi ndefu yenye mtetemo. Mhispania aliinamisha kichwa, akabana midomo. Macho yake yalikuwa yameanza kulowa.

"Umemwambia nini?" Mwiko alinong'ona.

"Nimemwambia ulivyosema, mama. Kwamba duniani hakuna neno linaloweza kukielezea."

Mwiko alihisi kiti kinazama.

Kisha walikuja samaki wadogo, wakavu kwa nje, na Mhispania alionyesha kwa ishara kwamba waliwe kwa vidole. Hapa Mwiko alipata nafuu kidogo. Ngozi ililia ilipovunjika. Nyama ndani iliachana vipande vipande bila kukauka. Moto wake ulikuwa sahihi, hilo angeweza kuapa. Lakini moto sio ladha. Mtu anaweza kumpika samaki kwa moto sahihi na akawa mchungu kama shubiri.

"Kinafaa?" Mzee aliuliza, akilamba vidole.

"Tuendelee kwanza."

Simu ya mapokezi ililia na dada akakimbilia huko. Mhispania alileta mwenyewe mabakuli mawili meupe yasiyo na kina, akayaweka mbele yao kwa uangalifu kama anayelaza mtoto. Alisema maneno machache kwa lugha yake, akajigusa kifuani, akarudi nyuma hatua moja, akangoja. Ndani ya bakuli kulikuwa na maji safi kabisa, na jani moja dogo likielea.

Mwiko alitazama vidole vyake. Viling'aa kwa mafuta ya samaki. Angalau kuna adabu, aliwaza, na kwa mara ya kwanza tangu akae pale alishukuru kufanya jambo analolijua. Akatumbukiza vidole vya mkono wa kulia ndani ya bakuli, akavisuguasugua taratibu, akavifuta kwa kitambaa.

Alipoinua uso, Mzee Funguo alikuwa ameshika kijiko hewani.

Mhispania alikuwa amekuwa mweupe kuliko bakuli.

Mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka funguo zikalia kama kengele. "Amenawa!" alisema akipiga meza. "Mwenyewe niliogopa kusema. Maji! Mtu anatuwekea maji! Na huyu hasemi kitu, ananawa! Mwiko, Mwiko wewe! Basi, yamekwisha, nimeelewa. Nimeelewa kabisa."

Alisukuma bakuli lake bila kuligusa, akainuka, akaenda ofisini kwake akiendelea kucheka. Mhispania alibaki amesimama. Mwiko naye alibaki amekaa, kitambaa mkononi. Walitazamana, na hakuna aliyekuwa na lugha.

Wifi yake ndiye aliyeingia kuondoa vyombo. Hakuna sahani iliyowahi kurudi sinki bila wifi kuhakiki kilichobaki, na hata siku ile, akiwa na furaha ya ushindi, hakuacha kawaida yake. Mwiko alipomfuata jikoni alimkuta ameinua bakuli la Mzee na kulinywea ukingoni kama kikombe.

Wifi alinyamaza. Hilo peke yake lilikuwa jambo la ajabu. Alifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, maji ya sinki yakimwagika bila mtu kuyafunga. Alipofumbua alikuwa na uso ambao Mwiko hakuwahi kumwona nao, uso wa mtu aliyeitwa na mtu anayempenda.

"Wifi," alisema polepole. "Hiki ndicho ulichonawia?"

"Ni nini?"

"Unaniuliza mimi ni nini?"

"Nakuuliza."

"Nyanya." Alilitazama bakuli. "Ni nyanya, wifi. Haina rangi, haina nyama, lakini ni nyanya hasa, ile ya kuchuma na kula hapohapo imepata jua. Harufu imejaa mpaka hapa nilipo. Wewe umekaa nayo mbele yako, chini ya pua..."  Macho yake yalihama kutoka kwenye bakuli yakaenda kwenye pua ya Mwiko, yakakaa hapo. "Ndiyo maana. Njoo uonje, njoo uonje. Mimi najisifu nyumbani kwamba unanifundisha upishi."

Mwiko alifunga bomba la maji.

"Tangu yale mafua?"

"Tangu yale mafua."

"Na kaka anajua?"

"Anajua."

"Nyinyi wawili ni wachawi." Wifi aliuvuta mlango ukajifunga, kisha akamshika mabega. Vidole vyake vilikuwa na sabuni na vilikaza. "Sasa nisikilize. Funga mdomo. Umenielewa? Mungu amekuokoa kwa bakuli la maji. Mzee anacheka, Mhispania anaondoka, jiko lako, kazi yangu, kila mtu anakula kwake. Mimi nitakuonjea. Kila sufuria nitakuonjea, sitamwambia hata mtoto wangu."

"Ni kizuri kiasi gani?"

"Wifi, achana nacho."

"Niambie."

Wifi alitazama dirishani. "Ukiniuliza mimi mwenye watoto wa kulisha, hakifai. Ukiuliza huu mdomo..."  Alilamba midomo, akageukia vyombo vyake.

Mhispania alikuwa kwenye kona yake akipanga visu ndani ya sanduku, kimoja kimoja, kila kimoja akikifuta kwanza. Mwiko alimwendea. Alitafuta namna ya kusema. Akaelekeza kidole kwenye bakuli, kisha akajigusa pua, kisha akatikisa kichwa: hakuna, hakuna kitu. Alifanya hivyo mara mbili, kwa bidii.

Mhispania alielewa kwamba chakula chake kinanuka.

Alifunga sanduku. Alikosea kufunga kitasa na ikabidi arudie, na Mwiko alimjua kwa kule kukosea. Ndivyo na yeye angefunga siku akifukuzwa.

Angeweza kukaa kimya. Kwa kweli alijaribu. Alirudi kwenye jiko lake, akachukua mwiko, akasimama mbele ya sufuria ya supu ya jioni. Supu ilichemka. Aliikoroga, akanywa kidogo, na wote waliokuwa jikoni wakamtazama wakisubiri. Alifungua mdomo aseme imekolea. Neno lilikataa kutoka.

Akaulaza mwiko juu ya meza. Akachukua lile bakuli la Mzee, ambalo wifi alikuwa ameliacha na funda moja chini, akatoka.

"Wifi!" aliitwa nyuma. "Wifi, rudi hapa! Wifi, nakuomba!"

Mzee Funguo alikuwa ofisini akiwasimulia watu kwa simu. "Ananawa, nakwambia! Ananawa kimyakimya!" Alipomwona mlangoni akakata simu, bado akitabasamu.

"Mzee, mimi sisikii."

"Nini?"

"Sisikii."

Mzee alipandisha sauti. "Karibu! Kaa hapo! Tangu lini? Masikio yote mawili?"

"Si masikio, Mzee."

"Nasema, masikio yote?"

"Usinipigie kelele, masikio yanasikia. Sisikii harufu. Sisikii ladha. Tangu nilipougua. Sikunawa kwa makusudi, nilidhani ni maji." Akaliweka bakuli mbele yake. "Nimemsingizia yule mtu. Onja."

Tabasamu la Mzee lilikaa usoni muda kidogo baada ya furaha kuondoka. Alichukua bakuli, akanywa lile funda. Alisubiri. Kisha akalipindua bakuli akatazama chini yake, kama mtu anayetafuta kimebaki wapi.

"Mimi na sigara zangu zote," alisema kwa sauti ndogo, "nimeisikia." Akaweka bakuli chini. "Kwa hiyo wewe umekuwa ukitupikia namna gani?"

"Kwa kukumbuka."

"Na kuna siku nilikusifu. Ile supu ya wageni wa benki."

"Wifi ndiye aliyeonja."

Mzee alifikiri. Mwiko alimwona akifika mahali ambapo na yeye alikuwa amefika zamani, usiku mmoja macho yakiwa wazi.

"Jikoni kuna gesi, Mwiko."

"Ndiyo, Mzee."

"Mitungi imepangwa ukutani pale. Na wageni wako juu, wamelala."

"Najua."

"Ungejuaje?" aliuliza, na hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisugua uso kwa viganja vyote viwili. "Nenda ukapumzike kwanza. Ukisikia nafuu, njoo tuongee. Wenzako nitaangalia. Wifi yako nitamwacha hapo sinki, mpishi yeyote anahitaji mtu wa kuosha. Wewe pumzika kwanza."

Aliponyosha mkono, Mwiko alidhani anataka kuagana naye. Kisha akaelewa. Akatoa ufunguo wa stoo kwenye mfuko wa gauni lake. Mzee aliupitisha kwenye lile tita, akatikisa kidogo ili ukae sawa, nao ukawa ufunguo kama funguo nyingine.

Jikoni, dada wa mapokezi alikuwa amesharudi na anamweleza Mhispania habari, kwa machozi na mikono, kwa namna ile aliyoijua. Mhispania alisikiliza. Akamtazama Mwiko akiviringisha mwiko wake ndani ya taulo. Alisema neno moja fupi. Dada wa mapokezi alifungua mdomo kutafsiri.

"Acha," Mwiko alimwambia. "Acha tu, mwanangu." Wifi yake alikuwa amegeukia ukuta, na mabega yake yalikuwa yanakwenda juu na chini.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado lipo. Fundi alikuwa akikata kitambaa mezani, chaki sikioni. Alitazama saa, akatazama mwiko ndani ya taulo, akaweka mkasi chini. Hakuuliza kwa nini amewahi.

"Na huyo Mhispania?" alisema mwishowe. "Chakula chake kinafaa?"

"Kinafaa."

"Umejuaje?"

"Dada yako alinyamaza."

"Dada yangu?" Fundi alitaka kucheka, akaona uso wake, akaacha. Alivuta kiti akakaa karibu naye, akauchukua mkono wake wa kulia kati ya mikono yake. Kisha akauinua karibu na uso wake.

"Mbona unanukia nyanya?"

Mwiko hakuwa amenawa tena tangu pale mezani. Hakukuwa na kazi ya kunawia.

"Wapi?"

"Hapa. Hivi vidole vitatu. Inanukia sana."

Alivileta vidole puani. Alivuta pumzi taratibu, kisha kwa nguvu, kisha akaziba mdomo kwa mkono mwingine akavuta tena mpaka kifua kikauma. Fundi alimngoja ameinamisha shingo, kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe.

"Inanukiaje?" Mwiko aliuliza.

Fundi alijikuna kichwa. Alikuwa mtu wa nguo, hakuwa na maneno ya vyakula. "Kama... kitambaa kipya. Kabla hakijafuliwa. Kile kizuri, cha pamba."

"Nyanya hainukii kitambaa, Fundi."

"Ndiyo najaribu, mke wangu."

"Haya. Jaribu tena."

Akampa mkono. Fundi alinusa, akafikiri, akasema jambo jingine ambalo nalo halikuwa nyanya, na Mwiko akamwambia ajaribu tena. Waliendelea hivyo mpaka chumba kikaanza kuwa na giza na Fundi akawa anasema hakuna kitu tena, harufu imekwisha. Ndipo Mwiko akainuka, akaenda jikoni kuwasha jiko.